Tupeane uzoefu: upepo na maji kwa sisi wa ubao wa tanga (ubao wa kusimama juu ya maji, unaosukumwa na tanga), Mtwara na Lindi

Mwanashangani: Habari za jioni ndugu zangu. Kusi, upepo wetu wa kutoka kusini, limeshakaza, na humu najua wapo wenye mbao za tanga. Kila mtu aseme anaingia lini, wapi na kwa nini. Mimi navizia bamvua, siku za maji makubwa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari inakupwa mida ya saa nne asubuhi na kujaa mida ya saa kumi jioni. Alasiri hiyohiyo ndipo kusi linapovuma kwelikweli, na matumbawe ya Shangani yamefunikwa, pezi la chini ya ubao haligusi kitu. Raha yake siwezi kuieleza! Lakini kusi pale linatoka nchi kavu, linakupeleka nje. Kwa hiyo sisubiri maji yaanze kutoka; yakisimama tu nageuza, maana yakishika njia moja na upepo, kurudi ni kazi.

Binti Mikindani: Kaka, mimi nafundisha vijana wa kwetu, na bamvua siwapeleki. Nachagua maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mkondo umepoa. Ghuba yetu imefungwa, mawimbi madogo. Tatizo ni upepo: unapita juu ya vilima na minazi, unashuka kwa vipande, tanga linajaa ghafla kisha linalegea. Anayeanza anachoka mikono. Nawaanzisha asubuhi kwa umande, ule upepo mwanana wa kutoka nchi kavu, tanga dogo.

Msafiri wa Msangamkuu: Mlango wa kuingilia bandari ya Mtwara muuache kwa vyombo. Maji ya bamvua yanapita pale kwa kasi, na meli haiwezi kukukwepa.

Mjukuu wa Nahodha, Lindi: Huku kwetu msimu wangu ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Desemba hadi Machi. Linaingia ghubani bila kizuizi, ukianguka linakurudisha pwani. Ila mto Lukuledi unamwaga hapohapo. Maji yakitoka yakakutana na kaskazi, mawimbi yanasimama mafupi, yamebanana, ubao unagonga mpaka magoti yanauma. Babu, aliyeendesha ngalawa, alikuwa akitazama mitumbwi iliyotia nanga: ikielekeza omo, yaani mbele yake, kwenye upepo, poa, ikiupa upepo ubavu, mkondo umeshinda. Nami natazama hivyohivyo kabla sijafunga tanga kwenye ubao.

Binti Mikindani: Hiyo ya mitumbwi naichukua, kesho nawaonyesha vijana.

Mwanashangani: Asante mjukuu wa nahodha. Na wa Msimbati mko wapi? Kule ufuko unatazama bahari kuu, nataka kusikia kusi linaingiaje.