Naombeni ushauri: siku saba melini, ninunue bando la intaneti au simu ikae kasikini?

BintiPangani (mleta mada)
Wakubwa shikamooni, rika langu habari zenu. Mimi na mume wangu tunaishi Uingereza. Mwezi ujao tunapanda meli ya kitalii kwa siku saba, tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Tunaondoka Southampton Jumamosi, Jumatatu tupo Barcelona, halafu tunazunguka Italia, na Jumatano tuko baharini mchana kutwa. Mume ameomba kitu kimoja tu: simu zote mbili ziingie kwenye kasiki la chumbani siku ya kwanza, zitoke siku ya kushuka. Nilikubali. Sasa tarehe inakaribia na usingizi umenipaa. Nasikia bando la melini ni ghali na bei yake hupanda ukishapanda meli. Ninunue kimyakimya au niache? Na bila simu, mtu anafanya nini siku saba?

Fundi_Minara
Kabla ya bando, dada, jua kwamba meli ina mnara wake wa simu. Meli ikishaacha pwani mnara unawashwa, na simu yako inaukamata yenyewe kama ilivyokamata wa mjini. Mawasiliano hayo yanapita setilaiti, na gharama yake haimo kwenye romingi yako ya Ulaya, yaani huduma ya kutumia laini yako nje ya nchi. Programu tatu zikijisasisha usiku, asubuhi una deni. Hata simu usiyopokea, ikielekezwa kwenye ujumbe wa sauti, inaweza kukutoza. Kwa hiyo ukiwa bado nchi kavu zima ujumbe wa sauti na uzime romingi ya data. Kabla kamba hazijafunguliwa weka hali ya ndege, kisha washa Wi-Fi peke yake. Hata kama simu inakwenda kasikini, ifanyie hivyo kwanza. Simu iliyofungiwa ikiwa hewani inaendelea kutafuta mnara.

Tausi_wa_Mji
Mimi nijibu hilo la mwisho maana ndilo linalosahaulika. Dada, ukumbi wa maonyesho mara nyingi una maonyesho mawili au matatu kila jioni, na viti vya yale makubwa huwekwa oda kupitia programu ya meli, mengine hata kabla ya safari. Kwa hiyo weka oda zote ukiwa nyumbani. Ukifika bila oda, fika nusu saa mapema ukae foleni ya nafasi zilizobaki.

Ila kasiki lina tatizo ambalo mumeo huenda hajaliona: siku hizi ratiba ya siku, menyu ya mgahawa, hata sehemu ya mafunzo ya usalama, vyote vimehamia kwenye simu. Siku ya kwanza nendeni mapokezi mkaombe ratiba ya karatasi kila jioni, na mhudumu wa meza mwombeni menyu iliyochapishwa. Mara nyingi wanazo, hawazitoi mpaka uombe. Chukueni saa ya mkononi na saa ndogo ya mezani ya kuwaamsha, maana chumba cha ndani kisicho na dirisha hakina usiku wala mchana. Kamera ndogo, karata, vitabu viwili. Mkitengana sitahani bila simu, wekeni sehemu moja na saa moja ya kukutania.

Mkondo
Kuhusu ubora: usiogope hadithi za zamani kwamba mtandao wa melini haufai. Setilaiti za zamani zimekaa kilomita 35,786 juu, sauti ikienda na jibu likirudi ni zaidi ya nusu sekunde, ndiyo maana watu walikuwa wanakatizana maneno. Tangu 2022 kampuni ya meli ya Royal Caribbean ilipotangaza kuhamia mtandao wa setilaiti wa Starlink, na wengine wakafuata, setilaiti ni za kilomita mia kadhaa tu juu. Tofauti unaisikia masikioni. Kinachoua kasi sasa ni abiria maelfu kurudi vyumbani baada ya chakula cha jioni na kupandisha picha zote kwa pamoja. Alfajiri mtandao ni mwepesi.

Nunua kabla ya kupanda, kwa kawaida ni nafuu. Bando huhesabiwa kwa kifaa, lakini mara nyingi mnaweza kupokezana: mmoja anatoka kwenye akaunti, mwingine anaingia. Soma kama bando la chini linaruhusu simu za WhatsApp, maana mengine ni ya ujumbe wa maandishi tu. Ukurasa wa kuingilia ukigoma kufunguka, zima VPN kwanza, ile programu ya kuficha ulipo mtandaoni. Na kwenye mipangilio ya Wi-Fi, zima anwani ya faragha (namba ya utambulisho ambayo simu huibadilisha yenyewe) kwa mtandao wa meli tu, la sivyo simu ikibadilisha anwani mfumo unaihesabu kuwa kifaa kipya.

Ngalawa77
Nina swali. Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya bando. Na katika siku saba umeitaja Jumatano peke yake kwamba mko baharini mchana kutwa. Jumatano kuna nini?

BintiPangani
Ni mambo ya nyumbani tu, kaka. Nilitaka kujua bando.

Ngalawa77
Mambo ya nyumbani ndiyo yanayoamua bando gani. Kama ni kusalimia, ujumbe wa maandishi unatosha. Kama ni pesa au ugonjwa, majibu yote ya juu yanabadilika.

BintiPangani
Haya. Mama anafanyiwa upasuaji wa nyonga Dar siku hiyo, saa tatu asubuhi. Salio la hospitali nimeahidi kulilipa mimi, na pesa ninayo. Ndugu zangu wanajua wiki hiyo niko zamu kazini. Sikuwaambia habari ya meli. Tiketi ilinunuliwa kabla tarehe ya mama haijapangwa, hairudishwi, na mtu aliyelipa nusu ni mume wangu. Upasuaji si wa dharura, dada yangu yuko naye hospitali. Nikiwapo kwenye simu au nisipokuwapo, daktari atafanya kazi yake. Nilifikiri nitume pesa Jumatano ileile wakishathibitisha, dakika tano tu, nirudishe simu kasikini.

Fundi_Minara
Hiyo dakika tano ndiyo itakayokukwamisha. Benki nyingi zikiona muamala mkubwa zinatuma namba ya uthibitisho kwa SMS. SMS inapita kwenye laini, haipiti kwenye Wi-Fi, isipokuwa kampuni yako ya simu inaruhusu SMS na simu kupitia Wi-Fi na umeiwasha mapema. Uko hali ya ndege, una bando zuri kabisa, namba haiji. Ukitoa hali ya ndege uipokee, umeingia kwenye mnara wa meli. Kama umebeba laini ya nyumbani ukitegemea M-Pesa, *150*00# nayo inataka mnara, Wi-Fi haiisaidii. Juu ya hapo, benki ikiona umeingia kutoka anwani ya setilaiti ya nchi nyingine inaweza kufunga akaunti mpaka uwapigie.

Hamisha uthibitisho kutoka SMS kwenda kwenye programu ya benki yenyewe, ujaribu nyumbani ukiwa hali ya ndege na Wi-Fi. Ikikubali sebuleni, uthibitisho hautakuwa kikwazo melini. Bora zaidi, tuma pesa wiki moja kabla.

Mzee_Kitwana
Binti yangu, mitambo wameieleza vizuri. Mimi naliona jingine. Mficha uchi hazai. Dada yako atakaa kwenye benchi la hospitali akiamini uko zamu kazini Uingereza, akupigie, simu imezimwa. Atadhani umepatwa na jambo, na ana mgonjwa mkononi. Na mumeo je, anajua habari ya Jumatano, au naye unamficha?

BintiPangani
Anajua mama anaumwa nyonga. Tarehe hajui. Nikimwambia ataahirisha kila kitu, na mimi sitaki kuahirisha. Miaka kumi, mzee wangu. Hatujawahi kutoka.

Mkondo
Samahani, nimesoma tena mada na kuna kitu hakikai. Southampton hadi Barcelona kwa kuzunguka Gibraltar ni zaidi ya maili 1,500 za baharini. Meli ya kitalii ikienda maili 20 kwa saa bila kusimama inahitaji siku tatu na ushei. Ukiondoka Jumamosi jioni, Jumatatu uko bado pwani ya Hispania ya Atlantiki au Ureno. Na Italia yote halafu kurudi, ndani ya siku saba? Safari hii haipo kwenye ratiba ya meli yoyote. Njia ya mwongo ni fupi. Naomba wanajukwaa wasipoteze muda kwenye hadithi ya kutungwa.

Tausi_wa_Mji
Mimi pia nilishangaa, ila anavyojibu, uchungu wake si wa kutunga.

BintiPangani
Mkondo uko sahihi na naomba radhi. Nilibadilisha njia makusudi, dada yangu husoma jukwaa hili. Tunapanda Barcelona Jumamosi, Jumapili Marseille, Jumatatu Genova, Jumanne Naples, Jumatano Messina, Alhamisi Valletta, Ijumaa baharini, Jumamosi Barcelona tena. Nilisema Jumatano baharini kwa sababu niliona mkijua niko bandarini mtaniuliza kwa nini sipigi simu.

Mkondo
Sasa hiyo ni safari ninayoitambua, nami nafuta maneno yangu. Na ona ulivyojinyima jibu: Jumatano uko Messina, Sicilia, nchi kavu. Huhitaji bando la meli kabisa kwa ajili ya mama. Unahitaji romingi ya Italia kwenye laini yako ya Uingereza, na hiyo uulize kampuni yako, maana baadhi wanatoza ada kwa kila siku unayoitumia. Ulipe ya siku moja.

Majira haya ya joto Italia iko nyuma ya Dar kwa saa moja, kwa hiyo mama anaingia saa mbili asubuhi yako. Angalia saa ya meli kufunga gati. Ikifunga saa moja, una muda wa kuongea naye kabla. Ukiwasha simu hakikisha jina la mtandao juu ya kioo ni la Italia, si la meli, ndipo uwashe data. Kabla ya kurudi melini, hali ya ndege tena. Siku ngumu ni Ijumaa tu.

Fundi_Minara
Na hiyo Ijumaa ina njia isiyo ya simu yako. Mwachie mtu wa nyumbani jina la meli, namba ya chumba, namba ya oda ya safari, na namba ya dharura ya kampuni ya meli. Likitokea la kutokea, wanapiga kampuni, kampuni inawapa mapokezi, mapokezi wanaleta ujumbe mlangoni. Ila huwezi kumwachia mtu namba ya chumba huku amesadiki uko zamu.

BintiPangani
Nimesoma yote. Pesa nimetuma leo mchana, kwa mafungu mawili, hospitali wamekiri kupokea. Mume nimemwambia. Amesema Jumatano simu zote mbili zitoke, naye anataka kumsalimia mama. Dada nimempigia jioni hii. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza namba ya chumba.

Bado sijampa, sijapangiwa. Na hiyo saa ya mezani ya kutuamsha ina plagi ya Uingereza, itaingia?

Tausi_wa_Mji
Haitaingia. Vyumba vingi vina tundu la Ulaya la pini mbili za mviringo na la Marekani la pini bapa. Chukua adapta ndogo isiyo na waya, wala usibebe ekstensheni yenye kinga ya umeme, wanaichukua mlangoni kwenye ukaguzi. Au nunua ya betri.