Paipu ya mikunjo ndani ya tangi la maji moto: niweke mita ngapi?

Fundi_Kariobangi: Hamjambo wakuu. Naunda tangi la lita 200 la hosteli moja huku Zimmerman. Maji ya tangi yanapashwa na jua hadi nyuzi 60. Ya kuoga yanapita ndani ya koili ya stenlesi yenye mikunjo: yaingie nyuzi 20, yatoke 40, lita 6 kwa dakika. Mwenye nyumba anadai shaba, ati stenlesi haipitishi joto. Nami nimeshanunua mita 4, chuma chake milimita 0.3. Niirudishe? Na eneo la mikunjo hupimwaje?

Injinia_Boila: Usirudishe, fundi. Kweli stenlesi hupitisha wati 16 hivi kwa mita kwa kila nyuzi, na shaba karibu 400. Lakini gawanya unene, mita 0.0003, kwa 16: kizuizi cha joto ni kama 0.00002. Maji ya tangi yaliyotulia, yanayopanda kwa joto lake tu, yana kizuizi cha karibu 0.002, yaani mara mia. Mwenye nyumba atalipia shaba na hataona tofauti.

Eneo pima kwa uzi. Ulaze ufuate kila bonde na kila tuta kwenye sentimita 10 za paipu, kisha uunyooshe. Ila maji ya ndani ya mabonde husogea kwa uvivu, kwa hiyo hesabu hiyo hukupa eneo kubwa kuliko linalofanya kazi. Bora ujaribu hizo mita 4 kwenye pipa, kwa ndoo na saa.

Juakali_Dandora: Ukiweka pampu ndogo ya kuzungusha maji ya tangi, koili ileile itatoa joto zaidi. Nimefanya hivyo mara mbili.

Fundi_Kariobangi: Nimejaribu leo asubuhi, bila pampu. Uzi umetoka sentimita 16. Pipa nimelishikilia nyuzi 60 kwa moto wa kuni, lita 6 kwa dakika. Yameingia 20, yametoka 35.

Injinia_Boila: Vizuri sana, sasa huna haja ya kubahatisha. Lita 6 kwa dakika hubeba wati 419 kwa kila nyuzi. Tofauti ya nyuzi kati ya pipa na maji ya koili ilianza 40 ikaisha 25. Kwenye kalkuleta, kitufe cha ln (logi asilia), ln ya 40/25 ni 0.47, mara 419 ni wati 197 kwa kila nyuzi; gawa kwa mita zako 4, yaani 49 kwa kila mita. Kutoa nyuzi 40 unahitaji ln ya 40/20, ambayo ni 0.69: mara 419 ni wati 290, gawa kwa 49, mita 6.

Lakini tangi hupoa, na hapo ndipo wengi huumia. Likifika 50, ln ya 30/10 ni 1.1: wati 460, mita 9 na nusu. Weka mita 10, maji baridi yaingie chini. Tena, lita 200 zikishuka kutoka 60 hadi 50 zimekupa dakika 17 tu za kuoga.

Fundi_Kariobangi: Dakika 17, na wapangaji ni 12! Nanunua mita 6 zaidi, lakini kesho nampelekea mwenye nyumba hesabu ya tangi kwanza.