Mjadala: Ferrari na wenzake banashindania mbio ao banashindania kunyima batu?

Bandugu, tubishane kidogo. Hapa Lubumbashi vijana bakianza Ferrari, Lamborghini na Porsche nani mukali, banakimbilia nguvu za farasi na sekunde za kufika kilomita 100 kwa saa. Mi naona hiyo vita ilishaisha na hakuna Muitaliano wala Mujerumani aliyeishinda. Mu 2021 Tesla ilitoa Model S Plaid, motokari ya umeme, ya milango mine ya kupeleka watoto masomo, farasi zaidi ya 1,000, halafu mu 2025 Xiaomi, ndiyo, hao hao ba simu, bakaleta SU7 Ultra, nayo ya umeme, ya farasi 1,548 kwa bei yenye Ferrari mpya haiwezi hata kukuangalia. Sasa mbio ikishakuwa rahisi hivyo, tajiri analipia nini?

Analipia kunyimwa! Mu 2024 Ferrari ilipeleka kwa wateja motokari 13,752 dunia nzima, Porsche 310,000 na zaidi, lakini faida ya kila motokari Ferrari inamupita Porsche mbali sana. F80, motokari ya Ferrari ya juu kabisa, ni 799 tu dunia nzima, bei inapita euro milioni 3, na usifikiri unaingia na falanga zako unatoka na ufunguo, banaangalia kwanza ulishanunua ngapi mbele. Yaani una pesa na bado unaomba.

Muangalie na Mate Rimac wa Kroatia. Alitengeneza Nevera ya umeme mutupu, farasi 1,914, batajiri bakaisifu na bakaiacha. Huyo huyo njo anaongoza Bugatti, na mu 2024 Tourbillon ya Bugatti ikatoka na moteri ya esansi ya V16 (silinda 16), umeme ni wa kusaidia tu. Saa za kuonyesha mbio mbele ya dereva zilitengenezwa na mafundi ba saa za mukono ba Uswisi, vipande zaidi ya 600 ndani ya titani. Mutu wa mbio anahitaji hiyo ya nini?

Mmoja wa Kamalondo: Yaya, hapo unatuzungusha. Jina linatoka kwa mashindano. Ferrari alibeba Le Mans, mashindano ya saa 24 kule Ufaransa, mu 2023, 2024 na 2025, na moteri ya F80 ni ndugu ya ile ya pale. Bila hiyo nani angepanga foleni?

Mwenye mjadala: Porsche alibeba Le Mans mara 19, hakuna mwenye anamufikia, mbona 911 ya kawaida unaagiza tu kama una pesa? Na makuta ya Porsche iliongezeka sana na Cayenne ya 2002, jeep refu ya familia. Lamborghini naye leo anakula kwa jeep yake Urus, hakuna siri.

Mmoja wa Kolwezi: Mi swali yangu ingine. Batajiri bakirudia esansi, kobalti yetu ya kutengeneza bateri itaenda wapi? Makamio yanalala foleni Kasumbalesa, pale mupaka wa Zambia.

Mwenye mjadala: Ndugu, Tourbillon ni 250 tu, hata zote zingekuwa za umeme kobalti yake haijazi kamio nyingi. Mwenye kuogopwa ni Muchina na bateri yake ya LFP (ya chuma na fosfeti), haina kobalti hata chembe, na anaiweka ndani ya motokari za batu ba kawaida. Hiyo tuifungulie mjadala yake. Hapa nangoja mwenye kuniambia juu ya nini F80 ya V6, hata na kelele yote batu balipiga juu ya kukosa V12, iliisha kabla hata haijaonyeshwa.