Tupeane uzoefu: filamu ya vichekesho iliyokufundisha kucheka

Korosho Ghafi: Jana umeme umekatika hapa Chikongola, mwanangu akawa anaangalia Chaplin, yule mchekeshaji wa filamu za kimya, kwenye simu. Ile ya 1925, jamaa ana njaa, anachemsha kiatu, kamba zake anazisokota kwenye uma kama tambi. Nikakumbuka banda la video, jenereta inanguruma, tumebanana kwenye mabenchi. Pale ndipo nilipojua unaweza kuicheka njaa bila kumcheka mwenye njaa. Nyie wenzangu je?

Binti Nachingwea: Mzee Majuto, mchekeshaji wetu wa filamu za Kiswahili. Anabana senti, anapanga hila, mwisho anaumbuka mwenyewe. Baba si mtu wa kucheka, ila Majuto akitokea anaweka kikombe chini. Alipofariki Agosti 2018, kwetu ulikuwa msiba wa ndani.

Mpiga Kasia: Majuto alitegemea maneno. Chaplin kwenye ile ya 1925 hakutamka hata moja, na dunia nzima ikacheka.

Binti Nachingwea: Kaka, maneno nayo ni kazi. Ningekuwa sijui Kiswahili ningepoteza nusu ya utamu.

Shangani Juu: Mimi Mr. Bean, hakuna mwingine.

Mpiga Kasia: Hivyo vilikuwa vipindi vya televisheni, vilianza 1990. Filamu ilikuja 1997.

Shangani Juu: Mbavu zangu hazikuuliza mwaka.

Mwana Mikindani: Naomba niseme, nimelibeba muda mrefu. Nilikuwa na miaka kumi. Bandani tuliona mkanda wa zamani: tajiri mnene anataka kukaa, kiti kinavutwa, chini puu! Banda zima miluzi. Nikarudi nyumbani bado naiona. Bibi alikuwa uani anakuna nazi. Akainuka kuchukua kipande cha pili, nami nikaivuta mbuzi ya nazi aliyokuwa ameikalia. Nilianza kucheka kabla hajafika chini. Halafu nikasikia mfupa.

Kifundo cha mkono. Akafungwa hogo, na msimu ule wa korosho ukapita bila yeye kuokota hata moja. Hakunichapa. Jioni aliniita, akaniuliza, "Huyo wa kwenye video alikuwa na nini?" Nikamjibu: kofia ndefu, gari, watumishi. Akasema, "Na mimi nilikuwa na nini?"

Alikuwa na nusu ya nazi mkononi. Tangu siku hiyo, mtu akianguka, kabla sijacheka namtazama kwanza ana nini.

Shangani Juu: Dah. Nimeweka simu chini.

Mama Wawili: Ndiyo maana wanangu hawaangalii hizo. Katuni tu.

Mpiga Kasia: Katuni ndizo hatari, dada. Paka anapigwa nyundo, anainuka mzima.

Binti Nachingwea: Waacheni waangalie, ila mkae nao. Baba alikuwa anasimamisha mkanda na kutuuliza nani kaonewa hapo.

Shangani Juu: Na mbuzi ya nazi ifungwe kamba kwenye mwembe.

Korosho Ghafi: Mkuu wa Mikindani, bibi alicheka tena?

Mwana Mikindani: Alicheka. Siku alipotolewa hogo walikuja watani wake. Mmoja akaenda kwenye mbuzi ileile, akageuka nyuma mara tatu kabla hajakaa, huku kaishika kwa mikono miwili. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Mimi nilikuwa mlangoni, sijui kama naruhusiwa. Akaniita kwa jina, akaniambia nilete nazi.