Upekuzi wa polisi baada ya MSc: miaka 3 ya ukaazi nitaitoa wapi?

Mhitimu wa Midlands

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi na masomo.

Nimemaliza MSc ya forensiki, mkondo wa DNA. Nilifanya usaili katika maabara inayopokea vielelezo vya polisi, nikapita, na barua ya ajira ikaja na sharti la kawaida: kazi utaanza baada ya upekuzi, yaani polisi kuchunguza historia yako. Nikajaza fomu yote mpaka majina ya wajomba na akaunti za benki. Jana ofisi ya upekuzi ya jeshi la polisi la eneo hilo imenijibu kwa mistari miwili kwamba faili limefungwa, sijatimiza miaka 3 ya kuishi Uingereza. Hati ya polisi niliyotoka nayo nyumbani, safi kabisa, hawakuigusa.

Mwajiri amesema atanishikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Niko PSW, viza ya kufanya kazi baada ya masomo. Naomba anayejua anisaidie: kuna utaratibu wa kuomba faili lifunguliwe tena na rekodi za nyumbani zihesabiwe? Na barua hiyo naandika mimi au anaandika mwajiri? Kinachoniuma ni kwamba chuoni tulifundishwa muhula mzima maadili ya ushahidi, na hakuna mhadhiri aliyetutajia habari ya ukaazi.

Mama Neema

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mimi nilipoingia kazi ya kutunza wazee walinidai DBS, cheti cha rekodi ya makosa, na kwa kuwa nilikuwa mgeni nchini wakapokea hati ya polisi ya nyumbani. Niliipeleka ubalozini ikapigwa mhuri, nikaanza kazi. Nawe anza na ubalozi. Watu wetu pale ukiwafuata kwa adabu wanasaidia, usisikilize wanaowasema vibaya humu kila siku.

Mwanakemia

Mama, kwa heshima zote, tusimpeleke mtoto njia isiyo yake. DBS na upekuzi wa polisi ni vitu viwili mbalimbali. DBS inatoa rekodi ya makosa kisha mwajiri anaamua mwenyewe. Upekuzi wa polisi, uwe NPPV (wa wasio waajiriwa wa polisi) au RV (wa wanaoajiriwa na polisi), unataka kukujua wewe, jamaa zako, unaoishi nao na madeni yako, kwa kutumia kumbukumbu walizo nazo wao. Kama hukuwepo nchini, hawana pa kuangalia. Ndiyo sababu ya ile miaka. Hati ya nyumbani inasema hujahukumiwa, lakini haisemi kama umewahi kutajwa katika taarifa za upelelezi. Wanaohesabiwa kama walikuwepo ilhali walikuwa nje ni wale waliokuwa kwenye utumishi wa jeshi au wa serikali ya Uingereza, na familia zao. Mhuri wa ubalozi haubadilishi hapo chochote.

Na kabla hajatokea mtu wa kusema "nenda kampuni binafsi": maabara ya serikali, Forensic Science Service, ilifungwa Machi 2012. Tangu hapo kazi za England na Wales zinafanywa na maabara za polisi wenyewe pamoja na kampuni. Kampuni ikishika kielelezo cha polisi, wafanyakazi wake nao wanapekuliwa. Huko hakuna mlango wa nyuma.

Dada, ningekuwa wewe ningeomba kazi kwenye maabara zisizogusa kesi za polisi. Kuna wanaopima nywele kwa ajili ya kesi za watoto katika mahakama za familia, kuna wanaopima dawa za kulevya kwa waajiri, kuna viwanda vya dawa za binadamu, maji, chakula. Wewe una DNA, kwa hiyo tafuta pia vipimo vya DNA vya kumtambua mzazi wa mtoto na maabara za hospitali. Unachojenga huko ni mazoea ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara: kumbukumbu za mashine, uhakiki wa mbinu, kusaini ulichokifanya mwenyewe na si cha mwenzako. Kanuni za Msimamizi wa Forensiki zilianza kutumika tarehe 2 Oktoba 2023, na sasa makosa ya ubora yana uzito wa kisheria. Mtu aliyekwisha kulelewa ndani ya mfumo wa ubora ana thamani kuliko mwenye cheti kitupu.

Kaka wa Kriminolojia

Poleni nyote. Sisi wa kriminolojia nako si kwepesi. Tasnifu yangu ya MA ilikuwa iwe juu ya wafungwa wa kigeni: wanapataje mkalimani, wanaelewaje barua za kufukuzwa nchini. Kuingia gereza la England au Wales kwa utafiti lazima upite NRC, kamati ya utafiti ya magereza, na kozi ya mwaka mmoja haina muda wa kusubiri maswali na majibu yao. Msimamizi wangu alinishauri nitumie data zilizokwisha kukusanywa. Nikahamia kwenye utafiti wa kaya kuhusu uhalifu, CSEW, ambao watu wamekuwa wakihojiwa tangu 1982, nikaandika juu ya wahamiaji wasioripoti wizi polisi. Ni kazi ninayoiheshimu, lakini sauti za wale wafungwa sikuzipata, na naona hasara hiyo mpaka leo.

Kwa hiyo mhitimu, uliza pia vyuo. Wana kazi za usaidizi wa utafiti.

Mwanakemia

Kaka, yeye ni mtu wa maabara. Kriminolojia inauliza kwa nini watu wanavunja sheria, na dola inaamuaje nani aadhibiwe. Yeye amesomea doa la damu kwenye shati. Usaidizi wa utafiti kwako si wa kwake.

Kaka wa Kriminolojia

Natambua tofauti, nimeisomea. Vyuo vina maabara pia, na maabara zina mafundi. Ndicho nilichosema.

Dada Viza

Habari zenu. Naona mnajadili kazi bila kutazama kalenda.

Mhitimu mdogo wangu, PSW ilifungwa 2012. Uliyo nayo ni viza ya Graduate, iliyofunguliwa 1 Julai 2021. Nalisema hili kwa sababu ukiandika PSW kwenye fomu ya mwajiri wanakuona hujui hadhi yako. Ya kwako ni miaka 2. Atakayeomba kuanzia 1 Januari 2027, kwa shahada ya kwanza au ya uzamili, atapewa miezi 18 tu. Wenye PhD wanabaki na miaka 3.

Sasa wale mnaofikiria kuja kusoma MSc hii, kaeni na kalamu. Kozi miezi 12. Viza ya mwanafunzi ina nyongeza ya miezi 4 baada ya kozi. Jumlisha 18. Ni 34. Tia na mwezi mmoja wa kuwahi kuingia kabla ya masomo, ni 35. Upekuzi unataka 36. Yaani mtu atalipa ada ya kozi iliyopambwa na picha za eneo la tukio, na viza zake zote mbili ziishe kabla hajastahili hata kupekuliwa kwa kazi hiyo. Hili linatakiwa kuandikwa ukurasa wa kwanza wa tangazo la kozi. Nimelisema kwenye mikutano ya wanafunzi na nitaendelea kulisema.

Wa miaka 2 kama wewe unaweza kufika, kwa kubana. Ila kufika miaka 3 bila mdhamini hakukusaidii, maana kwa viza ya kazi ya Skilled Worker, tangu 22 Julai 2025 kiwango cha jumla cha mshahara wa mwaka ni pauni 41,700, cha wanaoanza ni 33,400, na mishahara mingi ya msaidizi wa maabara haifiki huko. Muulize mwajiri leo, kwa maandishi, kama ana leseni ya kudhamini na kama cheo chako kinadhaminika. Hilo ni kubwa kuliko faili la upekuzi.

Mhitimu wa Midlands

Asanteni sana, hesabu ya dada imenifungua macho. Ila bado sijapata jibu: barua ya kuomba wafikirie upya, nani anaiandika? Mwajiri ananiambia niulize polisi, polisi wananiambia niulize mwajiri.

Mzee wa Glasgow

Wanangu, hamjambo wote. Mimi naona tunabisha hodi kwenye nyumba yenye wenyewe. Nyumbani Tanzania tuna sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara na sampuli zinazosubiri watu. Rudini na ujuzi. Pitisheni vyeti TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ombeni kazi. Kesi za ubakaji wa watoto wetu zinaanguka mahakamani kwa sababu kielelezo kilihifadhiwa vibaya kituoni. Nani atakwenda kuwafundisha askari kufunga na kuandika bahasha kama si ninyi?

Mkenya wa Leeds

Mzee shikamoo. Nakubaliana na uchungu wako, lakini usiwaambie vijana warudi kana kwamba ajira zimewekwa mezani. Kwetu Kenya maabara ya forensiki ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ilizinduliwa 2022, jengo la kisasa kabisa. Mwaka uliofuata ikaja Shakahola, ule mkasa wa waumini waliofunga mpaka kufa. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye ule msitu wa Kilifi, na ya kwanza kukabidhiwa familia baada ya vipimo vya DNA ilitoka Machi 2024, karibu mwaka mzima tangu ufukuaji uanze. Nilikuwa huku nasoma jinsi mfupa ulioharibika unavyotolewa DNA, huku nawasoma ndugu waliotoa sampuli za mate na kurudi nyumbani kusubiri. Sikulala vizuri wiki nyingi. Jengo bila watu, bila kemikali za kutosha, halimpi mama mwili wa mtoto wake. Bunge litenge fedha za watu, ndipo tuambiwe turudi, na mimi nitakuwa wa kwanza.

Mzee wa Glasgow

Marahaba mwanangu. Fedha hazitatengwa kama wenye kujua wote wako Leeds.

Mkenya wa Leeds

Mzee, wengi wameomba. Wamejibiwa kimya. Tusilaumu aliye mbali kabla ya kumuuliza aliye ofisini.

Anayejiandaa

Shikamooni. Samahani kuingilia, nina barua ya udahili ya MSc ya toksikolojia ya jinai, Septemba. Rafiki ameniambia bila ATAS, kibali cha serikali kwa masomo nyeti ya sayansi, sipewi CAS, uthibitisho wa chuo wa kuombea viza. Ni kweli?

Dada Viza

Inategemea msimbo wa somo la kozi yako na ngazi yake, si jina linalovutia kwenye tangazo. Uraia wetu hauna msamaha wa ATAS, kwa hiyo kama msimbo umo, lazima uombe, na ni bure. Andikia ofisi ya udahili uulize mambo mawili: msimbo, na kama ATAS inatakiwa. Wakikujibu kwa simu, waombe waandike. Na fedha zako zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, hata siku moja.

Halafu kabla ya kulipa amana, soma hesabu yangu hapo juu mara ya pili.