Mjadala: Msomaji wa habari anayesema "zana" badala ya "dhana" arekebishwe au aachwe?

Mkufunzi_Sauti: Kila jioni tunasikia "zana ya utawala bora" na "samani ya shilingi". Zana ni jembe na nyundo, samani ni viti na meza. Msimamo wangu: asiyetofautisha dh na z, th na s, gh na g asipewe maikrofoni mpaka afunzwe. Mafunzo yenyewe si magumu. Kwa th na dh, ncha ya ulimi iguse kidogo tu ukingo wa meno ya juu, hewa ipite bila kukatika. Ncha ikirudi kwenye ufizi unapata s na z. Ukiziba kabisa unapata t au d, na wengi hukwama hapo kwa kuubana ulimi mno. Kwa gh, anza na kh ya "Khamisi", ivute, kisha tikisa nyuzi za sauti bila kusogeza ulimi. Hivi ni vikwamizo (hewa hupita kwa kujipenyeza), si vipasuo (hewa huzibwa kabisa kisha huachiwa) kama b, d na g.

Bara_Kamili: Kwa hiyo nusu ya watangazaji wafukuzwe? Th na gh zimekuja na maneno ya Kiarabu, na muktadha unatosha. Hakuna aliyesikia "zana ya utawala bora" akawaza jembe. Halafu acheni kuwabeza Wakikuyu kwamba hawawezi dh. Dh wanayo tangu utotoni: Thika huandikwa kwa th lakini hutamkwa kwa dh. Kinachowasumbua ni l, kwa kuwa lugha yao ina r peke yake, ndiyo maana kalamu inageuka karamu.

Mwana_wa_Mvita: Mkufunzi, umepita haraka sana hapo kwa "vipasuo kama b, d na g". Kwa mzawa wa pwani, b ya "baba" si b ya Kiingereza. Weka kidole kwenye zoloto (kikoromeo) useme "baba" taratibu. Midomo ikiwa imefungwa, zoloto linashuka, shinikizo la hewa kinywani linapungua, na midomo ikiachana hewa kidogo inaingia ndani. Vivyo hivyo d ya "dada", j ya "jaa" na g ya "gari". Unataka kufunga milango ya redio kwa ajili ya dh, ilhali b yenyewe hukuieleza!

Mkufunzi_Sauti: Vitabu vya shule vinasema b ni kipasuo ghuna (chenye mtikisiko wa nyuzi za sauti) cha midomo, na mwanafunzi akiandika hivyo anapata alama. Ninyi wa Mvita (Mombasa) tangu mkutano wa 1928 ulipochagua Kiunguja, si Kimvita chenu, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu hamjapoa.

Mwana_wa_Mvita: Usinitupie 1928. Kiunguja nacho kinavuta hewa kwenye b, tusikilizane kwanza. Nilichopoteza ni kingine: maandishi sanifu yameacha kuonyesha mpumuo, yaani pumzi inayotoka pamoja na p au k. Shika kipande cha karatasi nyembamba sentimita 3 mbele ya midomo. Sema paa la nyumba: karatasi inatulia. Sema paa mnyama wa porini: inaruka. Kaa la moto halina mpumuo, kaa wa baharini anao, kwa sababu hapo mwanzoni palikuwa na nazali (sauti ya puani kama m au n) ya ngeli ambayo imedondoka ikaacha pumzi yake. Mtoto anafundishwa p moja na k moja. Nani basi anayeharibu Kiswahili, msomaji wa habari au mwandishi wa kitabu?

Bara_Kamili: Kama b inavuta hewa ndani, mbona kwenye "embe" siisikii?

Dada_Isimu: Kaka, hapo nazali na b vimeungana: kinywa kikiwa kimezibwa kwenye m, hewa inatokea puani, na b inayofuata inakuwa ya kawaida, zoloto halishuki. Linganisha dege na ndege, goma na ngoma. Jaribio kali zaidi ni "mbuni". Ndege yule ana silabi mbili, mbu-ni, na b yake haivuti hewa. Mti wa kahawa una silabi tatu, m-bu-ni. M imesimama peke yake kama katika "mtu", na b inavuta hewa. Herufi ni zilezile, matamshi mawili.

Mkufunzi_Sauti: Sawa, lakini hakuna msikilizaji atakayechanganya mti na ndege.

Bara_Kamili: Mwalimu, hiyo ndiyo hoja yangu ya muktadha, na uliikataa kwa "zana".

Mkufunzi_Sauti: Si sawa hata kidogo. Dh ina herufi zake; msomaji anaiona kwenye karatasi na bado anaikwepa. Huyo hana udhuru.

Mwana_wa_Mvita: Ahaa, kwa hiyo sheria ni herufi, si sauti? Basi tuandikieni mpumuo, nasi tuwahukumu kwa paa.