Hatebreed kwenda Universal: waliikuza hadikoo au waliiuza?

Wakuu, wiki hii nimeirudia Perseverance, albamu ya Hatebreed, mara tatu na bado sioni usaliti unaosemwa, eti walijiuza walipohamia lebo kubwa.

Kwa wasioijua, Hatebreed ni bendi ya Connecticut, Marekani, inayopiga hadikoo (panki ya kasi na ya kufoka) yenye magitaa mazito ya muziki wa metali. Albamu ya kwanza, Satisfaction Is the Death of Desire, ilitoka 1997 kwa Victory Records, lebo (kampuni ya kurekodi muziki) huru ya Chicago. Ya pili ndiyo hii, Machi 2002, ikatolewa na Universal, lebo kubwa. Kelele zikaanzia hapo.

Mimi nasema mkataba ulihama, muziki ukabaki pale pale. Nyimbo bado fupi, mwimbaji Jamey Jasta bado anafoka, na viitikio vimetungwa ukumbi mzima uvidake. Sikiliza "I Will Be Heard". Huo nao ni wimbo wa kubembeleza wasikilizaji wa redio? Thubutu!

— Mkuu, unakwepa. Nani kasema Jasta kaanza kuimba mapenzi? Tatizo ni sauti. Satisfaction haifiki nusu saa, inasikika kama kazi ya watu wenye hasira na haraka, dramu na magitaa yanagombania nafasi. Perseverance wamempa Matt Hyde, prodyuza aliyetoka kutengeneza God Hates Us All ya bendi ya metali Slayer, 2001, na kila kitu kimepigwa pasi. Halafu Kerry King, mpiga gitaa wa Slayer hao hao, anaalikwa kupiga solo kwenye "Final Prayer". Solo! Hiyo ni metali iliyoazima fulana ya hadikoo.

— Metali haikuletwa na Universal, ndugu yangu. Cro-Mags, bendi ya hadikoo ya New York, walishaelemea huko kwenye Best Wishes, 1989, nayo ilikuwa albamu yao ya pili. La pasi nakubali nusu, maana lile vumbi la Satisfaction hata mimi nalikosa. Ila Victory nayo ilikuwa inauza CD, haikuwa inagawa sadaka.

— Samahani, naingilia. Mimi hadikoo niliijulia kwenye Perseverance. Ndipo nikarudi nyuma hadi Satisfaction, kisha bendi ya Integrity wa Cleveland. Bila lebo kubwa, ya Connecticut ningeyasikia wapi? Mnaolia usaliti mlikuwa ndani tayari.

— Sawa, mlango ulifunguliwa. Sasa mleta mada ajibu: usiku ukiwa na hasira, unaweka ipi?

— Satisfaction. Lakini hilo umeuliza kuhusu hasira zangu, hukuuliza kuhusu Universal.